MBWA WETU WA KIENYEJI: TUSIDANGANYWE NA UGUMU WAKE



Katika vijiji vya mkoa wetu wa Dodoma, tangu Kondoa na Chemba mpaka Bahi, Kongwa na Mpwapwa, mbwa hawakosekani. Ni mbwa wadogo, wembamba, wenye rangi ya udongo, weusi au wa madoadoa. Asubuhi hufuatana na wachunga mbuzi. Usiku hulala karibu na zizi. Tumewazoea sana, hata hatuwatazami tena.

Ukimwuliza mwenye mji, "Mzee, mbwa wako unamtunzaje?" mara nyingi atacheka. Atakwambia, "Mbwa? Aa, mbwa anajitunza mwenyewe, bwana."

Kwa upande mmoja anasema kweli. Mbwa wetu ni mgumu. Anastahimili njaa, jua na safari ndefu. Lakini yako mambo ambayo mbwa huyu hayawezi hata kidogo. Hayo yakimpata yeye, hayaishii kwake. Yanaingia zizini, yanaingia nyumbani, na yanaweza kumwua mtoto wako. Leo tutaeleza mbwa huyu ni wa namna gani, na ni mambo gani anayotutegemea sisi.

MBWA HUYU NI WA NAMNA GANI?

Watu wengi humwita mbwa koko. Ni jina la dharau. Watu hudhani kwamba ni mabaki tu ya mbwa wa Wazungu waliochanganyika ovyo. Je, ni kweli?

Mwaka 2009 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mbwa wa vijijini katika Afrika. Walichunguza mbwa wa Misri, Uganda na Namibia. Waliona kwamba mbwa wa vijijini wa Misri na Uganda wana asili yao wenyewe ya tangu zamani. Si mabaki ya mbwa wa Ulaya. Huko Namibia ndiko walikoona mchanganyiko mwingi.

Jirani zetu wa Kongo wana mbwa mdogo aitwaye basenji. Habweki kama mbwa wengine. Katika miaka ya 1930 watu walimpeleka Uingereza, na leo anathaminiwa katika nchi nyingi. Naye alitoka vijijini, kama huyu wa kwetu.

Tumwangalie sasa mbwa wetu mwenyewe. Kimo chake humfikia mtu mzima magotini au zaidi kidogo. Uzito wake mara nyingi ni kilo 10 mpaka 20. Manyoya yake ni mafupi, na manyoya mafupi yanamfaa katika joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoza mwili wake kwa kuhema huku ametoa ulimi nje. Ndiyo maana mchana wa jua kali utamwona amelala kivulini, anahema.

Siku hizi, hasa mjini, wako pia mbwa wadogo wa kigeni wenye manyoya marefu. Wakikutana na mbwa wetu huzaa chotara. Sisi wa Dodoma chotara tunamjua. Ng'ombe wa aina ya Mpwapwa alipatikana kwa kuchanganya zebu wetu na ng'ombe wenye asili ya India na Ulaya. Lakini pale wataalamu walichagua dume na jike kwa miaka mingi. Mbwa hujichagulia wenyewe. Kwa hiyo chotara mmoja huweza kuwa na ugumu wa mama yake, na mwingine akawa na manyoya marefu ya baba yake. Huyu wa manyoya marefu atahitaji kivuli na maji zaidi. Tena itabidi umchane na kumwangalia kupe kila siku, maana hujificha ndani ya manyoya.

KAZI YAKE NI KUBWA

Mbwa mdogo hana nguvu ya kupigana na fisi. Lakini ana masikio na pua. Fisi akisogea zizini usiku, mbwa hubweka na wewe huamka. Mbweha akitaka kuchukua mtoto wa mbuzi, mbwa hupiga kelele na mchungaji hugeuka. Ngedere wakiingia katika mahindi au karanga, mbwa huwatimua. Mwizi naye hupenda mji usio na mbwa.

Tena mbwa ni rafiki. Mzee anayekaa peke yake humzoea mbwa wake. Mtoto anayechunga porini hupata mwenzake wa kutembea naye.

Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi Kondoa, mate ya mbwa ni najisi, na mbwa haingii ndani ya nyumba. Lakini dini hiyo inaruhusu kufuga mbwa wa kulinda mifugo, wa kulinda shamba na wa kuwinda. Mbwa wa namna hiyo naye anahitaji matunzo haya haya tunayoyaeleza. Anaweza kuyapata akiwa nje.

CHAKULA NA MAJI

Mbwa akila ugali peke yake kila siku, anashiba lakini hapati nguvu ya kutosha. Ugali wa uwele, mtama au mahindi ni mzuri kwake ukichanganywa na kitu kingine. Mchanganyie mchuzi, dagaa, maharage yaliyoiva vizuri au mabaki ya nyama iliyopikwa. Mpe mara 2 kwa siku. Jike anayenyonyesha na mbwa mdogo anayekua wapewe mara nyingi zaidi.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Mvua zetu huanza karibu na Desemba na kwisha karibu na Aprili. Baada ya hapo visima hukauka, na watu huchimba maji katika mchanga wa makorongo. Wakati huo mbwa husahaulika. Weka chungu cha zamani au sufuria iliyotoboka ukaiziba, uijaze maji safi, uiweke kivulini. Maji ya kuoshea vyombo yenye sabuni si maji ya kunywa.

Viko vyakula ambavyo mbwa asipewe.

1. Mahindi au karanga zenye ukungu. Ukungu huo una sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hiyo na wengine walikufa. Wako watu wanaosema, "Haya yameharibika, tuwape mbwa." Hapana, ndugu. Sumukuvu humwua mbwa haraka, kwa kuwa huharibu ini lake.

2. Zabibu. Mkoa wetu unajulikana kwa zabibu, nasi tunazipenda. Lakini zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa. Usimtupie, wala usimwachie makapi ya zabibu zilizokamuliwa.

3. Mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika ikawa na ncha kali, na huweza kumtoboa tumbo.

4. Vitunguu vingi. Hupunguza damu yake.

MAHALI PA KULALA

Mtengenezee mbwa kibanda kidogo. Si lazima kiwe na gharama. Miti, udongo na nyasi vinatosha. Kielekee upande usiokuwa na upepo, kwani usiku wa Juni na Julai kwetu ni baridi. Fagia mahali hapo mara kwa mara, na nyasi za zamani uzichome moto.

Kwa nini tuchome? Kwa sababu mayai ya viroboto huanguka katika takataka na vumbi, na huanguliwa humo. Pia wako wale wadudu waingiao katika vidole vya miguu, ambao wengine huwaita funza na wengine tekenya. Hao hukaa kwa mbwa na kwa nguruwe, kisha huingia miguuni mwa watoto. Kwa hiyo angalia nyayo za mbwa wako kama unavyoangalia miguu ya mtoto.

Kupe waondoe kwa mkono, uwatie ndani ya maji ya sabuni au mafuta ya taa. Usiwapasue kwa kucha. Na usimpake mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia tu. Muulize kwanza bwana mifugo, ambaye siku hizi huitwa ofisa mifugo. Kipimo cha ng'ombe huweza kumwua mbwa.

MINYOO: KUTOKA KWA MBWA MPAKA KWA MBUZI

Sasa tuangalie jambo ambalo wafugaji wengi wameliona kwa macho, lakini chanzo chake hawakukijua.

Mbuzi wako anaanza kuzunguka mahali pamoja. Anapindisha kichwa upande mmoja. Anagonga miti. Wenzake wanakwenda, yeye anabaki nyuma. Baada ya siku nyingi anakonda na kufa. Watu husema ni kizunguzungu. Wengine husema amerogwa. Kumbe mara nyingi ni mnyoo uliotoka kwa mbwa.

Mambo huwa hivi. Mbwa ana tegu tumboni. Anakwenda haja malishoni, na mayai ya tegu yanabaki katika nyasi. Mbuzi au kondoo anakula nyasi zile. Mayai yanaanguliwa, na mtoto wa tegu anakwenda mpaka kwenye ubongo. Hapo hukua kama mfuko mdogo wa maji. Mfuko huo unabana ubongo, ndiyo maana mbuzi anazunguka. Halafu mwenye mbuzi anamchinja. Kichwa anamtupia mbwa. Mbwa anakula ule mfuko, na tegu mpya anaota tumboni mwake. Safari inaanza tena.

Yuko tegu mwingine mdogo sana ambaye mifuko yake ya maji hukaa katika maini na mapafu ya mifugo. Huyo humpata hata binadamu. Mtoto anacheza na mbwa, halafu anakula bila kunawa. Baada ya miaka anavimba tumbo, na pengine atahitaji kupasuliwa.

Dawa yake ni rahisi, nayo ni tabia yetu wenyewe:

Usimpe mbwa kichwa, maini wala mapafu mabichi ya mifugo. Chemsha mpaka viive kabisa. Vyenye mifuko ya maji vichome moto, au uvifukie katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Mpe mbwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3. Bwana mifugo atakwambia ni dawa gani, na kiasi gani kwa uzito wake.

Nawa mikono kwa sabuni ukishamshika mbwa. Watoto wafundishwe hivyo hivyo.

KICHAA CHA MBWA

Hapa, ndugu wasomaji, tunaomba msome polepole. Kama yuko jirani asiyejua kusoma, msomee.

Kichaa cha mbwa huletwa na kijidudu kidogo sana kiitwacho kirusi. Kirusi hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akikuuma, au akikukwaruza, au akilamba kidonda chako, kirusi huingia mwilini. Hufuata mishipa ya fahamu polepole, kama msafiri wa miguu, mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi 1 mpaka miezi 3. Mara nyingine ni wiki moja tu, na mara chache ni zaidi ya mwaka. Mtoto aliyeumwa kichwani au usoni yuko katika hatari zaidi, kwa kuwa ubongo uko karibu.

Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa. Hospitali haina dawa ya kumponya, na mganga naye hana. Lakini kabla dalili hazijaanza, chanjo humwokoa. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, watu wengi sana wamepona kwa njia hiyo.

Utamjuaje mbwa mwenye kichaa? Tabia yake hubadilika. Mbwa mpole huwa mkali, na mkali huwa mpole ajabu. Huuma miti na mawe. Hutembea ovyo bila kujua aendako. Sauti yake hubadilika. Mate humtoka, taya hulegea, miguu ya nyuma hukosa nguvu. Wengine hawawi wakali kabisa. Hujificha tu gizani na kushindwa kumeza, kama mbwa aliyekwamwa na mfupa kooni. Mbwa wa namna hiyo usimtie mkono mdomoni. Kwanza mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na bwana mifugo.

Mtu akiumwa, fanyeni hivi:

1. Osheni kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kama hakuna saa, endeleeni kuosha kwa muda mrefu bila haraka. Hata kama maji ni ya shida, haya ni maji ya uhai.

2. Msitie majivu, pilipili, wala unga wa betri. Msikishone kidonda nyumbani.

3. Mpelekeni zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Zahanati isipokuwa na chanjo, ombeni barua na mwende hospitali ya wilaya. Msingoje kuona kama mtu ataugua.

4. Akianza sindano, azimalize zote kwa siku alizopangiwa. Wako wanaoacha katikati kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda kupona si kirusi kufa.

5. Mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa na kichaa, ataugua au kufa ndani ya siku hizo. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo 10. Aanze matibabu.

CHANJO YA MBWA: TUFANYE HESABU

Mbwa hupewa chanjo akifikia umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Wakati wa kampeni ya chanjo, peleka hata watoto wadogo wa mbwa. Chanjo haiwadhuru.

Wataalamu wamegundua kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita na hukatika. Haya, tufanye hesabu. Tuseme kijiji kina mbwa 240. Gawanya kwa 10, unapata 24. Zidisha kwa 7, unapata 168. Hao ndio wanaotakiwa. Ikiwa waliopelekwa ni 90, bado 78. Je, hao 78 ni wa nani? Kila mmoja ajiulize.

Na kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mbwa wakubwa hufa na wadogo huzaliwa. Mwaka ujao wale 168 hawatakuwa 168 tena.

Eti njia fupi ni kuwaua mbwa wote? Hapana. Mahali pa mbwa waliouawa hujazwa na wengine wasiochanjwa, na katika kuua mnawaua hata waliokwisha chanjwa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa wanyama.

Tunao mfano katika nchi yetu. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa kampeni, na mwaka 2014 kichaa kilikwisha. Mwaka 2016 kiliingia tena kutoka nje. Watu wakachanja upya, na mwaka 2018 kikakatika tena. Tunajifunza mambo 2 hapo: ugonjwa huu unashindwa, na ukilegea unarudi.

Ndugu yangu uliyehitimu kisomo, hapa kusoma kwako kuna kazi. Mbwa akichanjwa utapewa kadi. Soma tarehe iliyoandikwa. Kisha chukua daftari, uandike jina la mbwa, rangi yake, siku aliyochanjwa na siku ya kurudi. Waandikie na majirani. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku nzuri ya kulifungua daftari hilo na kumwuliza bwana mifugo, "Chanjo inakuja lini?"

WATOTO WA MBWA NA WATOTO WETU

Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, yaani kama miezi 2. Watoto hufumbua macho baada ya siku 10 mpaka 14. Wasiachishwe kunyonya kabla ya wiki 8.

Wako watu wanaowatupa korongoni watoto wa mbwa wasiowataka. Wengine hufa kwa mateso. Wanaopona huwa mbwa wa porini, hawachanjwi, na kesho ndio huleta kichaa kijijini. Ni afadhali kumfungia jike anapopata joto, au kumhasi dume. Kuhasi ni kazi ya mtaalamu mwenye dawa ya ganzi. Msifanye nyumbani kwa wembe.

Wafundisheni watoto wasimchokoze mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto. Wasimtupie mawe. Wakimkuta mbwa wasiyemjua wasikimbie, wasimame kimya mpaka apite. Na mtoto akiumwa asifiche kwa kuogopa kuchapwa. Mwambieni mapema kwamba akisema hatachapwa. Neno hilo moja laweza kumwokoa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijiji chetu kina mbwa wangapi? Saba kati ya kila kumi ni wangapi?

2. Mbwa wa kitongoji chetu walichanjwa lini mara ya mwisho? Nani ana kadi?

3. Tukichinja mbuzi, kichwa na maini yenye mifuko ya maji tunavipeleka wapi?

4. Mtoto akiumwa leo jioni, chanjo ya karibu iko wapi, na nani ana usafiri wa kumfikisha?

Swali la nne msiliache bila jibu. Andikeni jibu lake ukutani mwa ofisi ya kijiji, mahali ambapo kila mtu ataliona.